Aonyeshwaye Nyota, Je, Aijua?

Msomaji asidhani kwamba twafanya mzaha tukiuliza kama mtu aliyeonyeshwa nyota na mashine aweza kusema, "Naijua." Swali hili lilitupata pale Forodhani, mbele ya watoto, nalo lilitutia haya.

Zamani mwenye darubini alikuwa na kazi ya kuitafuta nyota yake mwenyewe. Alijifunza mbingu kama mgeni ajifunzavyo njia za kijiji, akipotea na kurudi. Siku hizi ziko darubini zenye mota na kompyuta ndani yake. Mwenyewe huiambia mahali alipo, tarehe na saa. Kisha huilinganisha na nyota mbili tatu za kuanzia, nayo hugeuka yenyewe mpaka penye nyota aliyoitaja, ikaifuata inavyokwenda magharibi. Nyingine hata hazihitaji nyota za kuanzia: kamera hupiga picha ya mbingu, programu huilinganisha picha ile na orodha ya nyota, na kwa sekunde chache hujua darubini yaelekea wapi, ikaisahihisha. Chombo Gaia, kilichorushwa na shirika la anga la Ulaya mwaka 2013, kimetupatia orodha ya nyota karibu bilioni 1.8. Nani awezaye kuyashika hayo kichwani? Hata asiye na darubini aweza kupata bila ya malipo programu iitwayo Stellarium, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau, akaitazama mbingu ya Unguja katika simu yake mchana wa jua kali.

Basi siku moja za kaskazi tuliazimwa darubini ya namna hiyo na mwalimu mwenzetu, tukawachukua watoto wa shule yetu ya shamba hata bustani ya Forodhani. Kusema kweli, mahali pale si pazuri kwa kazi hiyo. Taa za wauza mishikaki na urojo huzifuta nyota ndogo zote. Lakini kwa sababu hiyo hiyo tuliisifu mashine, maana jicho lisiyoyaona, yenyewe huyajua yalipo. Tukaandika mahali, tukaandika tarehe, tukaandika saa. Ilikuwa saa mbili ya usiku, nasi tukaandika 2. Huenda msomaji amekwisha kulitambua kosa letu. Mashine ile huhesabu saa tangu usiku wa manane, wala haijui desturi yetu ya kuhesabu tangu machweo. Saa mbili yetu kwake ni 20. Kwa hiyo ilidhani ni saa nane ya usiku, na mbingu yake ilikuwa imeitangulia yetu kwa saa sita nzima. Na kwa haraka yetu tuliiruka ile kazi ya kuilinganisha na nyota za kuanzia.

Tukaiamuru ituonyeshe Mshtarii. Ikavuma, ikageuka kwa adabu, ikainama upande wa bahari, ikatulia. Na juu ya kioo chake yakaandikwa maneno kwamba sasa yaitazama Mshtarii. Tukachungulia, tukaona giza na chembe moja ya mwanga. Tukawaambia watoto, "Ile ndiyo Mshtarii." Hapo ndipo penye shtaka letu. Watoto wakaja mmoja mmoja, wakachungulia, wakasema wameona. Mmoja tu, msichana mdogo, akauliza, "Mwalimu, umejuaje?" Hatukuwa na jibu ila kumwonyesha kile kioo. Mvuvi mzee aliyeketi ukutani kando ya bahari akacheka, akanyosha kidole juu: "Mwalimu, mbona mwaitafuta chini? Mshtarii si ile juu ya vichwa vyenu?"

Wako watakaosema kwamba mashine ndiyo yenye makosa, na heri turudie ujuzi wa wazee. Sisi hatukubali. Manahodha waliokuja bandari hii kwa kaskazi kutoka Arabuni walikuwa na chombo chao, kibao chenye kamba ya mafundo, ambacho Waarabu walikiita kamal. Nahodha aliishika kamba kwa meno, akakinyosha kibao mbele ya jicho, ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota. Fundo likamwambia yu karibu na bandari gani. Kaskazini walipima Nyota ya Kaskazi. Huku kwetu, nyuzi 6 kusini ya ikweta, haionekani, wakapima nyota nyingine. Je, fundo halikukumbuka badala ya nahodha? Nasi Wakristo tusijisifu. Pasaka yetu hufuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake, na mwezi huo ni wa jedwali. Hakuna kasisi apandaye kilimani kuutazama, hali jirani zetu Waislamu bado husimama pwani kuutafuta mwezi mwandamo kwa macho. Hata siku ya 1 Septemba 2016 wengi walikwenda Rujewa, mkoani Mbeya, kwa kuwaamini wenye hesabu tu, nao wakaliona jua limepatwa likabaki kama pete.

Basi kuamini hesabu si kosa. Lakini nahodha aliyeamini fundo aliweka jahazi lake rehani, na fundo la uongo lingemfikisha mwambani. Kwa hiyo alilipima kila safari. Sisi hatukuweka rehani kitu chochote chetu. Tuliyoweka rehani ni macho ya watoto, ambao walisema wameona kwa sababu mwalimu amesema. Yawezekana kujitetea kwamba asemaye kwa nia njema asilolijua si mwongo. Ni kweli, hakukusudia uongo. Ila shahidi hutakiwa kusema aliyoyaona, naye akisema aliyoambiwa kana kwamba ameyaona, ushuhuda wake umeharibika hata yakiwa ya kweli.

Tukaandika 20, tukaanza upya. Mashine ikataka tuiwekee katikati nyota Canopus, ambayo kwa Kiswahili ni Suheli, nasi, aibu iliyoje, hatukuweza kuitofautisha na nyingine kubwa iliyokuwa karibu. Tukamwamkia mzee, tukamwomba atuonyeshe, akatuonyesha. Ndipo darubini ilipokwenda pake. Mshtarii ikatokea kama kisahani, na kando yake mianga minne mstari mmoja, miezi yake ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Yule mzee, aliyeijua Mshtarii miaka yote ya bahari, hakupata kuiona miezi ile. Akainama kitambo kirefu, hata watoto wakaanza kumvuta kanzu.

Msichana akauliza tena, "Na sasa, Mwalimu, umejuaje?" Tukamwambia achore miezi ile minne ilivyokaa, na kesho achore tena. Usiku wa pili, huko shamba, mawingu yalitanda. Usiku wa tatu akachora, nayo ilikuwa imehama.