Chuma cha Vita na Kamba ya Mpagazi

Kitu kilichopotea kina mwenyewe. Kitu kilichotupwa hakina. Ndivyo tuhukumuvyo katika mambo ya kila siku, na hukumu hiyo yatosha kwa kisu kilichookotwa njiani au kuku aliyeingia ua wa jirani. Lakini viko vitu ambavyo havikupotea wala havikutupwa: vilizikwa na vita. Risasi na maganda yake, vifungo vya sare, vipande vya makombora na sarafu vimelala ardhini zaidi ya miaka 100, na wenyewe wamekwisha kufa. Je, mtu avichimbuaye huchukua mali ya nani?

Swali hili lawahusu watu wa Katonga, penye kuanikwa dagaa kando ya Ziwa Tanganyika, na jirani zao wa Kigoma na Ujiji. Mwambao huo ulikuwa uwanja wa Vita Kuu ya Kwanza. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zilidondosha mabomu Kigoma. Na mwezi wa Julai mwaka huo Wajerumani waliizamisha meli yao kwa mikono yao wenyewe, wakaondoka. Huko Tabora, katika mwaka huo huo, walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Si ajabu basi kwamba katika sehemu nyingi za Tanzania watu husadiki kuwa Mjerumani alipokimbia aliacha hazina chini ya miti, makaburi na misingi ya maboma. Na siku hizi wako wasakaji waendao porini na mashine.

Mashine hiyo ni fimbo yenye mzingo wa waya mwishoni. Umeme upitao katika waya huamsha nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo ikikutana na metali ardhini, mashine hulia. Mlio huo hauwezi kumhakikishia mchimbaji kama kilicho chini ni dhahabu, msumari, au bomu ambalo halijalipuka.

Mtetezi wa wachimbaji ana hoja tatu. Ya kwanza, chuma kikiachwa ardhini huliwa na kutu. Ya pili, mchimbaji ni maskini, na marehemu hawana haja ya mali. Ya tatu ni sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mpaka wa kumbukumbu zilindwazo kuwa vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863, na risasi ya mwaka 1916 iko ng'ambo ya mpaka huo.

Hoja ya sheria ni nyepesi kuliko ionekanavyo, kwa kuwa sheria hutuambia lipi litaadhibiwa, haituambii lipi ni la heshima. Umaskini ni hoja nzito, wala mwenye shibe hafai kumdharau mwenye njaa; lakini bomu likilipuka, aliye shimoni ni yule mwenye njaa, na mnunuzi yuko mbali. Ama kutu, ni kweli yala. Lakini gunia la mchimbaji lala upesi zaidi. Maganda kumi ya risasi yaliyolala pamoja nyuma ya jiwe yaeleza kwamba hapo alijilaza mtu, akapiga upande fulani. Yakitiwa katika gunia huwa shaba ya kuuzwa kwa kilo, na ushahidi wake umekufa.

Hata hivyo kuopoa si wizi daima. Waingereza waliiibua meli ile mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikabeba abiria na mizigo yao kwa miongo mingi. Kitu cha vita kilitolewa mchana, mbele ya watu, kikawafaa watu. Kwa kipimo hicho yafaa tumpime kila mchimbaji: je, achimbua mbele ya nani, na akipatacho chamrudia nani?

Lakini iko hoja iliyo chini zaidi, nayo yatugusa sisi wasomi pia. Mashine hulia kwa metali tu. Askari alikuwa na bunduki, kifungo na risasi. Mpagazi alikuwa na kamba ya magome, kata ya majani na kibuyu. Vyote hivyo vimeoza. Mashine ikipita juu ya mahali alipofia kwa kuhara damu, hunyamaza, na mwenye mashine husema hapa hapana kitu.

Nasi twafanya vivyo hivyo bila mashine. Manowari Königsberg ilipoangamia katika delta ya Rufiji mwaka 1915, mizinga yake iliopolewa, na mmoja wao ukafungwa juu ya Graf von Götzen katika ziwa hili. Mwenye kutaka kuiona mizinga ya manowari hiyo aweza kuutazama ulioko Mombasa au ule wa Pretoria. Mabega yaliyoivuta kutoka matopeni yako wapi? Mwaka 2021 ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Dar es Salaam jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi. Wangapi wanunuao nyanya sokoni humo wajua hayo?

Basi kosa la msakaji ni letu sote: kudhani kwamba penye ukimya hapakuwa na mtu. Walioiona vita hiyo wamekwisha kufa, lakini wajukuu wao wangali na masimulizi ya babu aliyechukuliwa mzigoni asirudi. Mwanafunzi aendaye Katonga na daftari, akauliza kwa adabu na kuandika jina moja la mpagazi pamoja na kijiji chake, atakuwa amepata kitu ambacho hakuna mashine iwezayo kukilia. Na akikuta ganda la risasi njiani, na aliache pale lilipo, awaulize wazee wa mahali nani alipita hapo amebeba nini.