Kelele Haikuwa ya Feni

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mji wa Kale, Mombasa, alitaka kompyuta ya kuweka sebuleni chini ya televisheni. Ijumaa usiku iwachezeshee wajukuu filamu, na siku nyingine imchezee yeye kanda zake za taarabu. Kanda hizo, nyingi zikiwa za Juma Bhalo, alizihamishia kwenye diski mwenyewe, moja baada ya nyingine. Kanda ya zamani ina mvumo wake tayari. Ala zinapotulia na sauti ya mwimbaji kubaki peke yake, msikilizaji anahitaji chumba kimya, maana utamu wenyewe uko hapo. Basi sharti lake lilikuwa moja tu: kompyuta isisikike.

Kwa fundi alisema maneno ambayo wengi wetu tungesema. "Nipe yenye nguvu, kijana wangu, isije ikanichosha baada ya mwaka."

"Hii hapa i7, Mwalimu. Hii ni mtambo."

Kijana hakudanganya. Ilikuwa Core i7-4770, chipu ya mwaka 2013 iliyoheshimika sana wakati wake, na kwa kazi za ofisini inafaa hadi leo. Akaipachika kwenye madabodi yenye chipuseti ya H81, akafunga vyote ndani ya kasha jembamba la kupendeza. Mwalimu aliuliza habari za prosesa, za RAM, za ukubwa wa diski, hata za rangi ya kasha. Kuhusu madabodi hakuuliza, wala kijana hakusema. Katika biashara hii ya kompyuta za mtumba bodi huhesabiwa kama sakafu ya nyumba: ipo tu, nani aiulizie?

Filamu ya kwanza ilitoka kwenye flashi ya mjukuu, ya 4K, ili ilingane na televisheni mpya. Dakika chache tu, feni ikaanza kupanda. Ikapanda ikafika mahali ambapo mjukuu alichukua rimoti akaongeza sauti ya televisheni ili asikie maneno. Mwalimu akaizima mashine, akampigia fundi simu.

Fundi alikuja na kufanya kile ambacho fundi yeyote angekianza nacho. Aliingia kwenye BIOS akapunguza kasi ya feni. Ukimya ukapatikana, lakini joto la prosesa likapanda likakaribia nyuzi 100, na chipu ilipofika hapo ikajipunguzia mwendo isiungue. Picha zikaanza kukwama kwama. Kasi ikarudishwa ilipokuwa.

Safari ya pili akaleta feni nyingine, iliyosifiwa kwa upole wake. Hiyo ilikuwa na nyaya 3, na bodi ile ilijua kuongoza feni za nyaya 4 tu. Tofauti yake ni ndogo kuieleza na kubwa kuisikia. Feni ya nyaya 4 huletewa umeme wa volti 12 muda wote, na waya wa nne huiambia izunguke kwa kasi gani. Ya nyaya 3 haina huo waya wa kuambiwa, hivyo hupunguzwa mwendo kwa kupunguziwa volti, na si kila bodi inaweza kufanya hivyo. Iliyokuwa kwa Mwalimu haikuweza. Feni ya upole ikazunguka kwa nguvu zake zote tangu kompyuta inapowashwa hadi inapozimwa, filamu iwepo isiwepo. Sasa hata taarabu ikawa haisikiliziki.

Safari ya tatu ilikuwa ya kadi ya picha isiyo na feni. Wazo halikuwa baya: kadi ibebe kazi ya video, prosesa ipumzike. Ila kadi iliyopatikana kwa bei ile, na fupi kiasi cha kuingia kwenye kasha lile jembamba, ilikuwa na chipu ya kizazi cha nyuma. Yenyewe ilikuwa kimya kabisa. Feni ya prosesa ikaendelea kuvuma pembeni yake.

Hesabu zikijumlishwa, Mwalimu alikuwa amelipia dawa za kelele pesa ambazo zingetosha kununua bodi inayofaa tangu mwanzo. Na kila dawa ilielekezwa kwenye feni.

Aliyeufikia ugonjwa wenyewe ni mpwa wake, binti anayetengeneza kompyuta Nairobi, aliyekuja pwani kwa likizo. Hakushika bisibisi. Alichezesha filamu ile ile ya 4K, kisha akafungua dirisha la Windows linaloonyesha kila sehemu ya mashine inafanya kazi kiasi gani, akaliweka kando ya picha.

"Tazama hapa, mjomba. Hii ni prosesa."

Viini vyote 4 vilikuwa juu, mistari ikirukaruka karibu na ukingo wa chati. Akamwonyesha mstari mwingine, wa ile sehemu ya chipu ya picha iliyotengenezwa maalumu kwa kufungua video. Ulikuwa umelala chini kabisa, sifuri. Kisha akafunga filamu hiyo, akachezesha nyingine ya zamani kidogo, iliyofungashwa kwa mtindo wa H.264. Mistari ikabadilishana nafasi hapo hapo: ule uliolala ukainuka, viini vya prosesa vikashuka hadi karibu na chini.

Maelezo yake yalikuwa haya. Picha moja ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8, na filamu hupitisha picha 24 kila sekunde. Mzigo huo hauwezi kuhifadhiwa ulivyo, kwa hiyo hufungashwa. Filamu nyingi za 4K hufungashwa kwa mtindo wa HEVC, uitwao pia H.265, unaohitaji takribani nusu ya nafasi ya H.264 kwa ubora ule ule. Gharama yake ni kwamba kuufungua ni kazi nzito zaidi. Kiwango cha HEVC kilipitishwa mwaka 2013, mwaka ule ule i7-4770 ilipotoka, kwa hiyo chipu hiyo ilibuniwa kabla ya mtindo wenyewe kukamilika na haina sehemu maalumu ya kuufungua. Kazi yote ikaangukia viini vya kawaida, vikachemka, feni ikafanya wajibu wake. Kwenye kompyuta za mezani za Intel, uwezo wa kufungua HEVC ya biti 10, ambayo ndiyo ya filamu nyingi za 4K, ulikuja na kizazi cha 7, mwanzoni mwa 2017.

"Basi nibadilishe prosesa," Mwalimu akasema.

"Haitaingia, mjomba. Soketi ya bodi hii inapokea kizazi cha 4 na jamaa zake wa karibu tu. Hata tundu la HDMI lililo nyuma ni la toleo la 1.4, kwa 4K halivuki picha 30 kwa sekunde. Ungelilaumu siku ya mpira."

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa sababu jambo la HDMI huwatega hata mafundi. Chipu za mezani za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 10 zenyewe zilitoa HDMI 1.4 tu. Mtengenezaji wa bodi aliyetaka kukupa HDMI 2.0, yenye 4K ya picha 60 kwa sekunde, alilazimika kuongeza kichipu cha kugeuza mawimbi. Wengine waliongeza, wengine waliacha ili kubana gharama. Kwa hiyo bodi mbili zenye chipuseti moja, soketi moja na prosesa moja zinaweza kutofautiana kabisa zikifika kwenye televisheni, na kwenye kaunta huwezi kuona tofauti hiyo kwa macho, kwa sababu tundu lina umbo lile lile. Imeandikwa kwenye maelezo ya modeli basi.

Kuna mitego mingine midogo. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, mfano i3-12100F, haina chipu ya picha ndani, hivyo tundu la HDMI la bodi litabaki pambo. Bodi za AMD zenye X570 zilizotoka mwaka 2019 karibu zote zilikuja na kifeni kidogo juu ya chipuseti, na kifeni kidogo hulazimika kuzunguka haraka kusukuma hewa ambayo feni ya sentimita 12 huisukuma polepole. Ukubwa nao hupotosha watu. Bodi ya mini-ITX, umbo lililobuniwa na VIA mwaka 2001, ina sentimita 17 kwa 17 tu na inaingia chini ya televisheni yoyote, lakini kuwa ndogo si kuwa kimya. Ukiipachikia prosesa inayochemka ndani ya kasha jembamba utarudi palepale alipokuwa Mwalimu.

Mpwa alimchagulia mini-ITX ambayo prosesa yake imechomelewa kabisa kwenye bodi: Intel N100, ya mwaka 2023. Kwa karatasi, N100 ni ya watt 6 na i7 ile ni ya watt 84, mara 14. Wengi wakiona hivyo huidharau. Lakini ina sehemu maalumu ya kufungua HEVC ya biti 10, VP9 na hata AV1, ambayo ndiyo mitindo wanayokutana nayo watu wa filamu na YouTube leo. Joto lake linaondolewa na bamba la alumini lisilo na feni. Aliteua bodi inayopokea umeme kutoka kwa adapta kama ya laptopu, ili feni ya pawasaplai nayo isiwepo, na akahakikisha kwenye maelezo ya modeli kwamba HDMI yake inafika 4K ya picha 60. Badala ya diski inayozunguka akaweka SSD. Kisha akaingia BIOS akaiagiza bodi ijiwashe yenyewe umeme ukirudi baada ya kukatika, mpangilio mdogo ambao kila nyumba yetu ingefaidika nao.

Alikataa jambo moja tu ambalo Mwalimu alilitaka, kuifungia kompyuta ndani ya kabati la televisheni lenye mlango wa kioo. Mombasa ya Februari na Machi joto la chumba peke yake linavuka nyuzi 30, na bamba lisilo na feni linapozwa na hewa inayopita. Mlango ukaondolewa.

Bodi ya H81 na i7 yake sasa zinachapa barua na kutunza hesabu katika ofisi ya shule moja, na hakuna anayezilalamikia. Hazikuwa mbovu; zilipelekwa sebuleni kufanya kazi ambayo hazikuumbiwa. Na fundi kijana alimpa Mwalimu alichoombwa, nguvu. Nisingemlaumu zaidi ya hapo, ila mtu anayeuza kompyuta ya sebuleni angemuuliza mteja atatazama nini na kwenye televisheni gani.

Nawe ukienda dukani kwa shughuli kama hii, mwombe muuzaji akuandikie jina kamili la modeli ya madabodi kwenye karatasi kabla hujatoa pesa. Nenda nalo nyumbani, fungua tovuti ya aliyeitengeneza, usome mistari mitatu: toleo la HDMI, prosesa inazozipokea, na aina ya feni inazoweza kuziongoza. Kisha chukua filamu yako mwenyewe kwenye flashi, urudi nayo dukani, ichezeshwe pale pale mbele yako kwa dakika 20. Muuzaji akikataa, hamia duka la jirani.