Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Mlango Ulio Karibu



Ndugu zangu, Kariakoo ya zamani ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Ukipika futari jirani anajua, na asipopika yeye unajua pia. Leo ni maghorofa. Chini maduka na stoo, juu watu. Tunapishana kwenye ngazi, kila mtu na mfuko wake wa tende, geti linafungwa.

Sasa, mtu usiyemjua hata jina ana haki gani kwako?

Bi Aisha (r.a.) alimuuliza Mtume ﷺ: ana majirani wawili, zawadi ampe yupi? Akaelekezwa kwa mwenye mlango wa karibu zaidi. Hakutajiwa aliye mwema zaidi wala anayemzoea zaidi. Kwa hiyo haki inatangulia, mazoea yatafuata.

Utasema, "Mjini kila mtu na lake, nisije nikaitwa mmbea." Kweli, kupeleleza ya watu tumekatazwa. Lakini anayegonga na sahani mkononi hapelelezi kitu.

Na kama mwenye mlango si Mwislamu? Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani, aliuliza kama jirani yake Myahudi ameshapelekewa.

Na yule kijana mbeba mizigo anayelala nje ya stoo, mlango hana kabisa. Wa karibu naye ni wako.

Leo ongeza maji kwenye mchuzi, kama alivyousiwa Abu Dharr (r.a.), kabla ya Magharibi umfikie mmoja.

Allah atutakabalie funga zetu. Amin.