MAKIRI WA LO-DEBARI NA KILEMA WA NYUMBANI MWAKE



Tukisoma 2 Samweli 9, wengi wetu tunamtazama mfalme Daudi tu, namna alivyomketisha Mefiboshethi mezani pake. Lakini mbele ya siku ile, nani alimlisha? Mtoto aliangushwa akiwa na miaka 5, akalemaa miguu miwili. Daudi alipomwita alikuwa mtu mzima mwenye mwana, naye alikaa Lo-debari, nyumbani mwa Makiri mwana wa Amieli. Juu ya mke wa Makiri Biblia haisemi neno, lakini sisi tunajua nani alichota maji.

Kina Makiri wako kati yetu. Mama anamwinua kijana wake mzito toka mkekani, anamwosha, anamgeuza ubavu ili ngozi isitoke vidonda, kisha anafika sokoni jua limepanda. Dada ameacha masomo ili abaki naye. Baba alikimbia zamani. Majirani wananong'ona ulozi, ijapo sheria ya inchi yetu tangu 2009 inamwazibu mtu anayemshitaki mtoto hivyo.

Na sisi wazee wa kanisa? Tunakuja, tunaomba, tunaacha maji ya Nkamba, tunarudi kwetu. Mgonjwa asipotembea, tunasema nyumba ile haina imani. Tunaungama, wapendwa: neno hilo limewafukuza watu katika ibada.

Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya kuponya kule Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwaka ule ule alifungwa, wala hakutoka gerezani mpaka kufa kwake Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Aliombea wengine wakasimama, yeye mlango wake haukufunguka. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa haba?

Basi tuache kuhukumu, tuchukue mzigo. Katika Marko 2 watu walikuwa wanne, hata wakatoboa dari. Vijana wa kwaya, wanne kila juma wakae na mgonjwa, mama apate kulala au kwenda sokoni mapema. Sehemu ya nsinsani ya mwezi huu inunue sabuni na nguo za kitanda.

Tena hekalu letu lina ngazi tatu mlangoni, kinga ya kilema haipandi. Jumamosi ni salongo: wanaume waje na mchanga na makarai.