Pumzi ya Mtu Nisiyemjua

Hapa Mwika kundi la kupanda mlima haliondoki bila maombi. Mimi ni mzee wa kanisa na mtunza stoo ya vifaa. Huinamisha kichwa pamoja na wengine. Tukishasema amina, narudi kwenye mtungi wa oksijeni, nafungua koki taratibu, natazama sindano ya geji, nafunga, nasikiliza kama kuna mahali panapovuja. Kijana mmoja mwongozaji aliniuliza, kwa heshima kabisa: "Meku, safari tumeshamkabidhi Mungu. Kukagua tena baada ya maombi si kumtilia shaka?"

Ni swali zito, na linastahili jibu la mtu anayeshika hivyo vyuma. Mtungi uliojaa huwa na mgandamizo wa bar 150 au zaidi, na hakuna kifua kinachoweza kupokea hewa ya nguvu hiyo. Regulata ndiyo inayoituliza. Nachagua ile ya kuzungusha namba, si ile ya bomba la kioo lenye kigololi, maana kigololi husema kweli bomba likiwa wima tu, na mgonjwa wa mlimani hushushwa kwenye machela, mtungi umelala ubavuni pake. Wosha ya regulata ikichakaa naitupa. Grisi haigusi mdomo wa mtungi kamwe, wala mkono uliotoka kupaka mafuta ya mgando kwa ajili ya baridi: mafuta yakikutana na oksijeni yenye mgandamizo yanaweza kuwaka moto. Halafu nawakumbusha vijana kwamba baridi ya Kibo huishusha sindano hata kama hakuna kilichovuja, wasije wakataharuki.

Sasa imani. Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajirushe, malaika watamdaka. Hoja ile ilikuwa na sura ya imani kubwa, na Yesu aliikataa. Aliiita kumjaribu Mungu. Mimi naona kwamba kupeleka mlimani regulata ambayo haijakaguliwa, huku tukisema Mungu yupo, ni kujirusha kulekule. Tena ni kubaya zaidi, kwa sababu anayerushwa si mimi. Pumzi yangu naweza kuiweka rehani kwa imani yangu nikitaka. Ya mtu atakayezidiwa pale Gilman's Point, mita 5,685, sikupewa ruhusa ya kuichezea, na asubuhi ile ya maombi hakuna anayejua atakuwa nani.

Hilo la kutojua ndilo linalonishika zaidi. Akiba imeandaliwa kabla mwenye shida hajajulikana, basi siwezi kuwa nimemchagua. Mtungi hununuliwa kwa fedha ya mgeni, na wapo wanaodhani kwa hiyo ni wa mgeni. Nakataa katakata. Mgumu, yaani mpagazi, aliyebeba mahema hadi Kibo, akianza kukohoa na kuhema hata akiwa ameketi, mapafu yake yanajaa maji sawasawa na ya Mzungu aliyemlipa. Tena yeye mara nyingi hunyamaza, akihofia kukosa safari ijayo. Ndiyo maana namwagiza mwongozaji amtazame hata asipolalamika.

Ndiyo maana pia siruhusu mtungi utangulie kambini pamoja na mizigo. Unakwenda na msaidizi anayetembea nyuma ya wote, kwa kuwa anayezidiwa huwa huko nyuma.

Kijana nilimjibu hivi: wakizidiwa wawili, usiulize nani amelipa. Mtazame aliye na hali mbaya zaidi, mvike barakoa, na wote wawili waanze kushuka usiku uleule, kwa sababu oksijeni inamshikilia mtu tu, dawa yenyewe ni kushuka. Mtungi wetu wa lita 2, ukiwa na bar 150, unatoa lita 300 hivi. Ukifungulia lita 2 kwa dakika, una saa mbili na nusu za kumfikisha chini.