Mizani ya Hewa na Mafuta

Swali la kiasi, yaani la kujua mahali ambapo kingi kinageuka ziada na kichache kinageuka upungufu, limewashughulisha wanafalsafa na wanazuoni wa dini kwa karne nyingi. Nalo hujibiwa kwa mikono katika gereji bubu za Temeke na Kinondoni kila fundi anaporekebisha kabureta ya gari la zamani.

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Katika kabureta za SU, zilizofungwa kwenye magari ya Kiingereza kama Morris Minor, kazi hiyo hutegemea sindano iliyochongoka, ambayo imeshikwa na pistoni na kuzama katika jeti, yaani tundu la kupitishia mafuta. Hewa ikiongezeka, pistoni hupanda pamoja na sindano, na kwa kuwa sindano hupungua unene kuelekea nchani, nafasi ya mafuta hupanuka. Fundi huipandisha au kuishusha jeti kwa nati iliyo chini yake, au huweka sindano nyingine yenye mchongo tofauti.

Kemia inafundisha kwamba gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, lakini namba hiyo peke yake haimtoshi fundi. Injini iliyobeba mzigo mlimani hutaka mafuta zaidi kuliko inayotembea tambarare, na gari lililorekebishwa Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, likifika Mbeya, zaidi ya mita 1,600 juu, hukuta hewa nyepesi, hata kipimo kilichokuwa sahihi pwani kikawa cha mafuta mengi mno. Aristotle alisema jambo la namna hiyo katika Kitabu cha Pili cha Maadili ya Nikomako, alipoeleza kwamba wastani wa wema si nusu ya hesabu, kwani chakula kilicho kichache kwa Milo, mwanamieleka mashuhuri, kingemzidi anayeanza mazoezi.

Huenda mtu akahoji kwamba, ikiwa kiasi hubadilika kwa mahali na hali, basi kila mtu ana kiasi chake na ukweli haupo. Hoja hiyo inachanganya hali na maoni. Fundi anapoinua pistoni kidogo sana huku injini ikinguruma polepole, mwendo wa injini ukipanda na kubaki juu, mafuta yamezidi. Ukishuka au injini ikizimika, yamepungua. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, mchanganyiko umekaa sawa. Jibu hilo halimpendelei fundi wala mwenye gari, na atakayeuliza kesho kwa uangalifu uleule atajibiwa vilevile. Kiasi, basi, hutofautiana kwa mazingira bila kutegemea matakwa ya mtu, na ndiyo maana hutafutwa kwa usikivu.

Hapo ndipo dini inapoongeza jambo ambalo falsafa ya wastani haikulitilia mkazo. Sura ya 55 ya Qurani, Ar-Rahman, inataja kuinuliwa kwa mbingu pamoja na kuwekwa kwa mizani, kisha inawakataza watu kuipunja; Mithali, katika sura ya 11, inailaani mizani ya udanganyifu. Katika maandiko yote mawili, kipimo ni haki ya mtu mwingine. Mwenye gari haoni yaliyomo ndani ya silinda, na fundi anaweza kumridhisha kwa mafuta mengi yanayoficha kasoro nyingine, huku kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ikiwafikia wauza matunda na watoto wa shule walioko kando ya barabara. Au anaweza kuyabana mafuta ili mteja afurahie akiba ya leo, kisha vali ziungue baadaye kwa joto lililozidi.

Usahihi wa kabureta, kwa hiyo, ni amana, maana yake dhamana anayokabidhiwa mtu mahali asipoweza kukaguliwa, na walio na haki ndani yake ni pamoja na wapita njia wasiolipa chochote na wasiojua kwamba kuna aliyewatendea haki. Fundi anayeendelea kutafuta kiasi baada ya mteja kuridhika anatimiza wajibu huo kikamilifu, na kazi yake inastahili kuhesabiwa miongoni mwa matendo ya uadilifu.