Gharama ya Kumwita Aliye Mzima



Je, ni haki kutumia fedha kuwahimiza akina mama walio wazima wakapimwe saratani ya mlango wa kizazi, hali wagonjwa wodini wanangoja dawa? Anayeuliza hivyo si bahili; anawahurumia wagonjwa. Yafaa tumjibu.

Saratani hii ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine zote nchini Tanzania. Hukua polepole, kwa miaka mingi, kabla ya kuleta maumivu. Kipimo chake ni chepesi: muuguzi hupaka siki hafifu, na penye dalili hugeuka peupe. Majibu hutoka papo hapo, na mara nyingi dalili za mwanzo zaweza kuondolewa siku hiyo hiyo. Aliyechelewa hupelekwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Hapo hesabu nauli, malazi, na shamba lililobaki bila mkulima. Mwaka 2005 wataalamu walichapisha hesabu za nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo. Waliona kwamba kumpima mwanamke hata mara moja tu, akiwa na miaka 35, na kumtibu mapema, kungepunguza hatari yake kwa robo hadi theluthi, tena kwa gharama nafuu. Basi kumwita aliye mzima leo ni kumwepusha na wodi ya kesho.

Lakini hesabu hiyo ina sharti: aliyeonekana na dalili atibiwe. Tukijivunia idadi ya waliopimwa bila kujua wangapi walitibiwa, tumehesabu vichwa tu. Tumempa mama hofu, kisha tumemwacha nayo njiani.

Tena, anayeishi karibu na Murgwanza ni rahisi kumfikia. Wa kijiji cha mbali huko Ngara au Biharamulo hugharimu zaidi. Hesabu peke yake itasema aachwe. Katika Luka 14 Bwana wetu afundisha kuketi kwanza na kuhesabu gharama ya mnara. Katika sura ya 15 mchungaji awaacha kondoo tisini na tisa amtafute mmoja. Mafundisho haya hayapingani. Hesabu hutuonyesha jinsi ya kutumia fedha vema. Haituruhusu kuamua nani hastahili kutafutwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaza kanisani, tuulize: kipimo kipo? Matibabu yapo? Nauli ya atakayepelekwa mbali itatoka wapi? Majibu yakipatikana, tutangaze kwa sauti, na akina baba wasikie pia, kwa kuwa mara nyingi nauli imo mfukoni mwao.